Ua la Usambara na chungu cha mtunza bustani

Ingia kwenye ofisi yoyote mpya hapa Dar es Salaam, iwe benki, hoteli au ofisi ya wanasheria, halafu tazama pembeni. Utakuta chungu cha zege cha rangi ya kijivu, kina mmea wa kijani uliosimama kama askari. Nenda kwenye vyumba vya kupanga vya vijana wenzangu wa Sinza na Kinondoni, utakikuta kingine, kidogo zaidi, juu ya stuli karibu na televisheni. Imekuwa fasheni. Kila mtu anajua bei ya chungu na bei ya mmea, lakini ukiuliza vitu hivi vimetoka wapi utajibiwa kwamba ni mambo ya wazungu, tumeyaona kwenye majarida na kwenye mtandao.

Sisi waandishi wa habari tumefundishwa kuuliza nani, nini, wapi, lini na kwa nini. Basi leo nimeamua kuliuliza chungu la zege na mmea wake maswali hayo matano. Majibu yanashangaza. Chungu, kweli, ni cha Mfaransa. Lakini mimea mingi inayokaa ndani yake, ile ile tunayodhani imeletwa na ndege kutoka Uholanzi, ni ya kwetu. Mmoja wao umetoka Tanga.

Tuanze na chungu, maana habari yake ni fupi na ina mambo.

Mwaka 1823, kusini mwa Ufaransa, katika kijiji kiitwacho Saint-Quentin-la-Poterie, alizaliwa mtoto aliyeitwa Joseph Monier. Jina la kijiji lenyewe linasema pale watu walikuwa wafinyanzi. Monier hakuwa mhandisi wala hakusoma chuo. Alikuwa mtunza bustani, na baadaye akafanya kazi Paris kwenye bustani za kifalme za Tuileries. Huko walikuwa na michungwa iliyopandwa kwenye mapipa ya mbao, kwa sababu Paris kuna baridi na miti hiyo lazima iingizwe ndani wakati wa kipupwe na kutolewa nje kiangazi. Mapipa ya mbao yaliooza. Vyungu vya udongo vilipasuka. Akajaribu saruji, nayo ikapasuka pia, kwa sababu mizizi ikikua inasukuma kuta kwenda nje.

Hapa ndipo penye siri. Zege ukiligandamiza lina nguvu sana, lakini ukilivuta ni dhaifu. Mizizi hailigandamizi chungu, inalivuta. Monier akachukua wavu wa waya wa chuma, akaufunika kwa saruji. Chuma kikabeba mvuto, saruji ikabeba mgandamizo. Tarehe 16 Julai 1867 akapata hataza ya uvumbuzi wake: vyungu na mabirika ya chuma na saruji kwa matumizi ya bustani. Baadaye akaendelea kuandikisha hataza za mabomba, kuta na madaraja, na mwaka 1875 likajengwa daraja la mtindo wake huko Chazelet, Ufaransa. Miaka ya 1880 Wajerumani wakanunua haki zake, mhandisi Gustav Adolf Wayss akaandika kitabu juu ya mfumo wa Monier mwaka 1887, na dunia ikaanza kujenga maghorofa kwa nondo na zege. Monier mwenyewe alifilisika, akafariki mwaka 1906 bila utajiri.

Sasa fikiria. Ghorofa unalofanyia kazi Posta, daraja unalopita Ubungo, nguzo za nyumba yako, vyote vina undugu na chungu cha maua. Watu wengi hudhani mtu alijenga nyumba za zege kwanza, halafu akapata wazo la kutengeneza vyungu kwa mabaki. Kwa Monier ilikuwa kinyume chake. Mtunza bustani alitaka mchungwa wake usivunje chungu, na wahandisi wakafuata nyuma yake.

Tumemaliza chungu. Sasa mmea.

Miaka ile ile ambayo Monier alikuwa anahangaika na hataza zake Paris, pale Zanzibar alikuwepo balozi mdogo wa Uingereza aliyeitwa John Kirk. Vitabu vya shule vinamtaja kwa sababu ndiye aliyembana Sultani Barghash mwaka 1873 akubali kufunga biashara ya watumwa ya baharini. Vitabu hivyo havisemi kwamba Kirk alikuwa pia mtaalamu wa mimea, na kwamba alikuwa anapeleka mbegu na mimea mikavu kwenye bustani za Kew, London, kama mtu anavyotuma barua nyumbani. Miongoni mwa mimea iliyofika huko kwa mkono wake ni ua moja dogo la msituni ambalo mwaka 1882 lilipewa jina la kitaalamu Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Leo wataalamu wanaliita Impatiens walleriana, nalo linauzwa kwenye mabustani ya Ulaya na Marekani kila mwaka. Sultani akapata heshima ya jina. Wenye msitu hawakupata hata jina.

Mwaka 1884 Kirk alipeleka Kew mmea mwingine mdogo wenye majani yenye manyoya na maua ya zambarau. Mwaka 1887 ukafika mwingine wa aina hiyo kutoka kwa Mchungaji W. E. Taylor, mmisionari wa upande wa Mombasa, yule ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamkumbuka kwa kukusanya methali. Mimea hiyo haikutosha kuwafanya wataalamu wa London wautambue na kuupa jina. Ikawekwa kabatini.

Halafu wakaja Wajerumani. Mwaka 1889, mwezi Desemba, walimnyonga Bushiri bin Salim pale Pangani. Muda mfupi baadaye utawala wao ukawa umekaa sawasawa pwani, na Tanga ikapata mkuu wa wilaya, baroni mmoja mwenye jina refu ambalo kwa kifupi ni Walter von Saint Paul-Illaire. Usimdhanie kuwa mtu asiyejua lolote kuhusu sisi. Mwaka 1890 alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Alikijua Kiswahili kuliko vijana wengi wa sasa wanaochanganya lugha kwenye simu.

Karibu mwaka 1892 baroni huyu aliliona lile ua la zambarau. Aliliona sehemu mbili: karibu na mji wa Tanga, likiwa limeota kwenye nyufa za miamba ya chokaa chini ya kivuli cha miti, na tena juu zaidi, ndani ya msitu wa Usambara. Akampelekea baba yake Ujerumani. Baba naye akampa mtaalamu Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha. Saintpaulia kwa heshima ya baroni na baba yake, na ionantha maana yake lenye maua kama urujuani. Mwaka huo huo likaonyeshwa kwenye maonyesho ya maua ya Ghent, Ubelgiji, watu wakalizunguka.

Wajerumani wakaliita kwa lugha yao Usambaraveilchen, urujuani wa Usambara. Angalau waliacha Usambara kwenye jina. Waingereza na Wamarekani walipolipokea wakaliita African violet, urujuani wa Afrika, Usambara ikapotea ndani ya bara zima. Halafu si urujuani hata kidogo. Ni wa ukoo mwingine kabisa. Hata lile jina la baroni nalo limeanza kumponyoka: mwaka 2015 wataalamu waliochunguza vinasaba waliamua kwamba Saintpaulia yote iingizwe ndani ya jenasi nyingine iitwayo Streptocarpus. Nani alisema historia haina ucheshi?

Kinachonisisimua mimi ni mwaka wenyewe, 1893. Mwaka huo huo ambao ua letu lilipata jina Hannover, mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, kuja upande wa Tanga. Njiani mingi ilikufa. Iliyofika hai ni miche 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo 62 ndiyo yakatoka mashamba ya mkonge yaliyoifanya Tanganyika kuwa kinara wa zao hilo duniani, yakajaza manamba kutoka kila kona ya nchi, na yakajenga Korogwe, Muheza na Ngerengere tunazozijua. Na mwaka huo huo wa 1893 ndipo reli ya Usambara ilipoanza kujengwa kutoka Tanga. Mmea mmoja ukaingia, mmoja ukatoka, karibu wakati mmoja. Ulioingia tunaukumbuka kwenye mitihani ya Jiografia. Uliotoka hatuukumbuki.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Neno mkonge lilikuwepo kabla ya Hindorf. Watu wa pwani walikuwa wanaita mkonge mmea wa kienyeji wa porini wenye majani marefu, magumu, yenye ncha, ambao nyuzi zake zilisokotwa kamba. Mgeni alipokuja na nyuzi bora zaidi, akachukua na jina. Wataalamu waliuita mmea ule wa asili Sansevieria, na siku hizi wameuingiza kwenye jenasi ya Dracaena. Wamasai wana aina yao wanayoiita oldupai, na ndiyo iliyolipa jina lake bonde maarufu la Oldupai ambalo wageni waliliandika vibaya wakasema Olduvai. Sasa tazama vizuri kile chungu cha zege cha mapokezi ofisini kwenu. Yale majani yaliyosimama kama mapanga, yenye mistari ya kijani na njano pembeni, ni ndugu wa mkonge ule. Aina inayouzwa sana ofisini asili yake ni Afrika Magharibi na Kongo, lakini ukoo ni ule ule, na ndugu zake wa hapa, akiwemo mmoja aliyepewa jina la Kirk, bado wanaota porini.

Na ule mwingine wenye vijani vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta, unaoitwa kwa herufi mbili, ZZ? Jina lake kamili ni Zamioculcas zamiifolia. Unaota wenyewe kuanzia Kenya, kupitia Tanzania bara na Zanzibar, hadi kusini mwa Afrika. Ulijulikana kwa wataalamu wa Ulaya tangu 1829, ukakaa kwenye mabustani ya utafiti zaidi ya miaka 150 bila mtu kuujali. Karibu mwaka 1996 wakulima wa maua wa Uholanzi wakaanza kuuzalisha kwa wingi, na leo umeenea ofisi za dunia nzima. Hivyo kuna uwezekano mkubwa kwamba mmea ambao rafiki yangu mmoja alijivunia kuuagiza kutoka nje una ndugu zake wanaokanyagwa na mbuzi kijijini kwa bibi yake.

Turudi kwenye ua la Usambara, maana safari yake haikuishia Ghent. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt, Ujerumani, ndiyo iliyoanza kulizalisha kibiashara. Mwaka 1926 wakulima wa Los Angeles, Armacost na Royston, wakaagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakakuza miche mingi na kuchagua kumi bora, mmojawapo ukiitwa 'Blue Boy'. Karibu maelfu ya aina za leo, nyeupe, waridi, zenye maua yaliyokunjamana kama gauni la harusi, zinaanzia kwenye hao kumi. Mwaka 1946 wapenzi wake Marekani wakaunda chama chao, African Violet Society of America, ambacho kipo mpaka leo na kina maonyesho kila mwaka. Kuna bibi kizee Ohio mwenye vyungu arobaini vya ua hili dirishani. Muulize Usambara iko wapi. Halafu, kwa haki, muulize kijana wa Tanga ua lenyewe likoje. Nadhani wote wawili watakutazama tu.

Hapa ningeweza kumalizia kwa kulalamika kwamba tumeibiwa. Ni rahisi, na ingesomwa. Lakini tuwe wakweli. Mimea imekuwa ikisafiri tangu zamani, na sisi pia tumefaidika. Mahindi na mihogo tunayoita chakula chetu cha asili vilitoka Amerika. Karafuu ya Zanzibar asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Mkonge wenyewe ni wa Mexico. Tungerudisha kila kilichosafiri, tungelala njaa. Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai uliosema kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe vyake ulikuja mwaka 1992, na itifaki ya Nagoya ya kugawana faida ilikuja 2010. Hakuna kati ya hivyo kinachorudi nyuma mpaka 1893. Wakili wa kumshitaki marehemu baroni hatampata mteja.

Kinachoniuma ni kingine. Ua lililo kwenye madirisha ya dunia nzima haliwezi kupotea. Lakini ua lile lile porini, kwenye misitu ya Usambara, Uluguru, Nguru na milima mingine ya Tao la Mashariki, linaweza kupotea kabisa, na tunaoweza kulipoteza ni sisi. Aina zake za porini zinaishi sehemu finyu sana. Nyingine zinajulikana kwenye mlima mmoja tu. Ile ya Taita, nchini Kenya, inaishi kwenye msitu wa Mbololo. Ni mmea unaotaka kivuli, unyevu na mwamba wenye kuvumwani. Ukikata miti iliyo juu yake hauhitaji kuugusa. Jua litaumaliza.

Na miti imekatwa. Wakoloni walifyeka kwa ajili ya kahawa na chai. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe pale Amani, Usambara Mashariki, wakajaza mlima mimea ya kigeni ya majaribio, mingine ikavamia msitu mpaka leo. Baada ya uhuru hatukuwa watakatifu. Miaka ya 1970 na 1980 msitu wa Usambara Mashariki ulichanwa mbao kwa mashine nzito, kwa msaada wa Finland, mpaka kelele za wanasayansi zikasimamisha. Mwaka 1997 ikaanzishwa hifadhi ya mazingira asilia ya Amani. Miaka ya 2000 serikali ikaamua kuunganisha vipande vya msitu kwa ushoroba wa Derema, na hapo wakulima zaidi ya 1,000 waliokuwa wanalima iliki chini ya miti wakalazimika kuacha mashamba yao kwa fidia. Madai kuhusu fidia hiyo yalichukua miaka.

Soma tena sentensi hizo mbili za mwisho, taratibu. Ua linauzwa Los Angeles, faida inabaki Los Angeles. Gharama ya kulilinda anailipa mkulima wa iliki wa Muheza, ambaye hajawahi kuuza hata jani lake moja. Kama kuna deni katika habari hii, ndilo hilo, nalo si la mwaka 1893. Ni la leo. Anayenunua chungu cha laki moja mjini akaona uchungu kusikia mkulima yule ameongezewa fidia, basi hajui anachokimwagilia.

Najua wapo waliosoma mpaka hapa wakisubiri niwaambie wafanyeje na chungu chao. Haya, twende, na historia itatusaidia.

Kwanza, zege jipya ni kali. Saruji inatengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa, na zege bichi lina ukali wa kialkali unaofika pH 12 na zaidi. Ukali huo ndio unaolinda nondo zisishike kutu, ndiyo maana uvumbuzi wa Monier ulidumu. Lakini kile kinacholinda chuma ndicho kinachochoma mizizi. Mzee mmoja anayefyatua vyungu kando ya barabara kwa kutumia ndoo mbili, kubwa na ndogo, aliniambia bila kemia yoyote: "Kijana wangu, chungu usikipande siku unayokinunua. Kinyweshe kwanza." Ana haki. Kijaze maji, kiache siku mbili, mwaga, rudia kwa wiki mbili au tatu. Ukiharakisha, suuza kwa maji yaliyochanganywa na siki kidogo, kisha maji matupu. Kadiri zege linavyozeeka hewani ukali wa uso wake unapungua wenyewe.

Pili, hakikisha kina tundu chini. Vyungu vingi vya mapambo havina, na mmea wa ndani hufa kwa maji mengi kabla ya kufa kwa kiu. Kama hakina, panda kwenye kopo la plastiki lenye matundu, halafu lisimamishe ndani ya chungu juu ya kokoto. Kwa njia hiyo mizizi haigusi zege kabisa.

Tatu, pima uzito kabla ya kupandisha ghorofani. Chungu cha mraba cha sentimita 40 kila upande, chenye ukuta wa sentimita 4, ni kilo 65 hivi za zege peke yake. Jaza udongo uliolowa, unakaribia kilo 120. Hutakihamisha kila siku ya usafi, kwa hiyo chagua mahali pake mara moja, na weka kitu chini kisikwaruze sakafu.

Nne, chagua mmea kwa tabia yako, si kwa picha. Kama unasafiri sana au unasahau, chukua ndugu wa mkonge au ZZ. Wote wanahifadhi maji, mmoja kwenye majani mazito, mwingine kwenye viazi vyake vya chini ya udongo. Mwagilia udongo ukikauka kabisa, kila baada ya wiki mbili au tatu inatosha. Changanya udongo na mchanga ili maji yapite. Utomvu wa ZZ unawasha, hivyo kama una mtoto anayetambaa, uweke juu.

Ua la Usambara ni habari nyingine. Mizizi yake ni mifupi na laini, hivyo likiwekwa kwenye chungu kikubwa kizito litaoza. Lipe kopo dogo la sentimita 10 hivi, udongo mwepesi wenye mboji na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Linataka mwanga wa dirisha la mashariki bila jua kali la moja kwa moja. Usimwage maji ya baridi juu ya majani, yatapata madoa. Mimina kwenye kisahani chini, subiri nusu saa, mwaga yaliyobaki. Joto la Dar linalichosha, ila chumba chenye hewa linavumilia. Walioko Lushoto, Arusha, Iringa na Mbeya hawana kisingizio. Kulizalisha ni rahisi: kata jani lenye kikonyo, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa vitachomoza vimiche. Ndiyo maana hakuna sababu yoyote ya kung'oa la porini.

Tano, visahani. Mbu anayeeneza homa ya dengi anapenda maji safi yaliyotuama kwenye vyombo vya nyumbani, na kisahani cha chungu ni hosteli yake. Dar tuliona mlipuko wa mwaka 2014 na ule wa 2019. Mwaga kila baada ya siku tatu, na kisugue.

Na usidanganywe kwamba mmea mmoja unasafisha hewa ya chumba. Dai hilo lilitoka kwenye majaribio ya NASA ya 1989 yaliyofanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Watafiti waliopitia majaribio ya namna hiyo mwaka 2019 walikuta ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kuushinda upepo wa dirisha lililofunguliwa. Fungua dirisha. Mmea upende kwa sababu ni mzuri.

Jambo la mwisho. Saruji inatokana na chokaa. Ua lile baroni aliliona kwenye nyufa za mawe ya chokaa ya Tanga, na leo kule Pongwe, nje kidogo ya mji huo huo, kuna kiwanda kinachochimba chokaa na kuisaga kuwa saruji tangu miaka ya 1980. Yaani chungu na ua, ukivifuatilia nyuma vya kutosha, vinaweza kukutana kwenye aina moja ya mwamba. Sisemi tusijenge. Mimi pia naishi ndani ya zege. Nasema mwamba wenye ua na mwamba usio na ua si sawa, na anayekwenda kupasua lazima awe anajua tofauti. Baroni aliijua kwa sababu alitembea msituni akiwa na macho wazi. Sisi tunahitaji sababu gani zaidi, wakati msitu ni wetu?